Linux katika nyumba za Kanyaruchinya

Mfumo endeshi ndio programu inayoiendesha kompyuta yenyewe: husoma kibodi, huandika kwenye diski, hugawa RAM kati ya programu zilizofunguliwa na hupeleka kazi kwa printa. Kompyuta nyingi zinazouzwa Goma, mashariki mwa Kongo, zina Windows ya kampuni ya Microsoft. Mfumo huria ni ule ambao leseni yake inamruhusu kila mtu kuutumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake, kuurekebisha, na kuwagawia wengine nakala bila kumwomba mtu ruhusa. Unaojulikana zaidi kati ya mifumo ya aina hiyo ni Linux.

Hoja ya bei, ambayo hutangulia katika maelezo mengi ya Linux, haina uzito mkubwa kwa mtu wa Kanyaruchinya, kilomita chache kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo. Si rahisi kumpata huko mtu aliyewahi kulipia Windows. Fundi huiweka kutoka kwenye flashi yake, nakala ya magendo, na anachodai ni ujira wa mikono yake. Hata aliyetaka kununua leseni kwa njia halali alizidi kubanwa baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma mwisho wa Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Gharama za kweli za kompyuta ya nyumbani ziko kwingine: mega za intaneti, umeme na uzee wa mashine. Mfumo unaofaa ni ule unaokula kidogo katika hayo matatu, na ambao jirani au ndugu fulani anaujua kiasi cha kuweza kuutengeneza ukiharibika.

Historia yake inasimulika kwa ufupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kuandika mfumo mzima ulio huria. Katika kazi hiyo ilizaliwa mwaka 1989 leseni ya GPL, inayomlazimu anayesambaza programu aliyoirekebisha atoe na msimbo wake. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux, kiini (kernel) kilichokuwa kikikosekana. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Anahitaji pia madirisha ya kubofya, programu ya kuandikia barua, ya kufungulia video. Makundi mbalimbali huvikusanya vyote hivyo katika kifurushi kimoja kinachoitwa distro. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 na mradi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikijengwa juu ya Debian, na Linux Mint ikajengwa juu ya Ubuntu kuanzia 2006. Undugu huo una faida yake: amri nyingi alizojifunza mtu kwenye mmoja wa mifumo hiyo hufanya kazi kwenye mingine miwili. Android nayo inatumia kiini cha Linux, hivyo mwenye simu ya Tecno au itel anaishika Linux kila siku, ingawa hilo halimsaidii chochote siku ya kuisakinisha kwenye laptopu.

Uzee wa mashine ndio sababu iliyo wazi kuliko zote kwa sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambazo kwa Intel zinaanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. Laptopu za mitumba zilizostaafishwa na ofisi za Ulaya, kina Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, mara nyingi ni za kabla ya hapo. ThinkPad T440 ya mwaka 2013, yenye RAM ya GB 4, haiwezi kupokea Windows 11 kwa njia rasmi. Linux ya leo inaipokea bila shida, na ikibadilishiwa diski ya zamani inayozunguka kwa SSD, huwa nyepesi kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue SSD kabla ya kuongeza RAM.

Katika kuchagua distro, orodha ni ndefu na nyingi hazina maana kwa nyumba ya kawaida. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, inaridhika na RAM ya GB 2, ingawa waandishi wake wanapendekeza GB 4, na diski ya GB 20 kwa uchache. Inatolewa kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Xfce ndiyo nyepesi zaidi, na ndiyo inayofaa mashine za GB 4. Menyu yake iko kona ya chini kushoto, pale pale mtu aliyezoea Windows atakapoitafuta. Ubuntu 24.04 ni nzito zaidi: inataka GB 4 za RAM, na faili lake la kusakinishia linakaribia GB 6, mara mbili ya lile la Mint. Mashine iliyochoka sana, ya GB 1 au 2, huhudumiwa vizuri zaidi na Lubuntu au Debian yenye sura nyepesi. Kompyuta za biti 32 zinaishiwa na nafasi: Mint inayojengwa juu ya Ubuntu iliziacha mwaka 2020, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake, kwa hiyo zimebaki na Debian 12.

Tofauti inayouma zaidi haiandikwi kwenye jedwali la mahitaji. Ubuntu husambaza baadhi ya programu zake, Firefox ikiwemo, kwa mfumo unaoitwa Snap, na Snap hujisasisha yenyewe chinichini. Anayepata intaneti kwa simu anaweza kununua forfe, yaani kifurushi cha mega, asubuhi, akaunganisha laptopu dakika kumi kutuma barua pepe moja, na kukuta mega zimekwenda kwa kazi ambayo hakuiagiza. Dawa ipo: kwenye mipangilio ya mtandao muunganisho hutiwa alama ya kuwa unalipiwa kwa kipimo, na Snap huagizwa isubiri kwenye muunganisho wa aina hiyo. Lakini ni wachache wanaoikumbuka kabla hasara haijatokea. Mint haiji na Snap. Programu yake ya masasisho huonyesha orodha na ukubwa wa kila kitu, kisha hungoja mwenye kompyuta aamue. Kwa nyumba inayoishi kwa forfe ya siku au ya wiki, hiyo peke yake inatosha kuipa Mint nafasi ya kwanza.

Hata hivyo kuna jambo linaloshinda sifa zote hizo, nalo ni distro iliyopo tayari kwa jirani. Ikiwa binamu anayesoma chuo cha ISIG au Chuo Kikuu cha Goma anatumia Debian, nyumba hiyo ichukue Debian, toleo lile lile. Faili lake lipo tayari, makosa yake yamekwisha kujulikana, na siku skrini itakapobaki nyeusi kuna mlango wa kubisha.

Faili la kusakinishia, la takriban GB 3 kwa Mint, halipakuliwi kwa forfe ya mtu mmoja. Hupakuliwa mahali penye intaneti ya ofisi au ya chuo, likaletwa kwa flashi, na kuanzia hapo mtaa mzima unalinakili. Hapa ndipo faida ya leseni huria inapoonekana kwa macho: nakala ya kumi ni halali sawa na ya kwanza, na anayeigawa hana cha kujificha. Ila faili linalopita mikononi mwa wengi huweza kukatika njiani au kuchezewa. Kila distro hutangaza kwenye tovuti yake mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, uitwao SHA256, wa faili halisi. Simu inatosha kuusoma, kwa mega chache. Amri ya sha256sum ya Linux ikitoa mfuatano ule ule, faili ni zima. Mfuatano ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili lisitumike.

Flashi ya kusakinishia hutengenezwa kwa Rufus kwenye Windows au kwa balenaEtcher. Ventoy inafaa zaidi kwa flashi ya kuzungushwa mtaani, kwa kuwa ikishawekwa, mafaili ya distro kadhaa hunakiliwa humo kama picha za kawaida na kompyuta huuliza inayotakiwa. Kuitengeneza hufuta kila kilichomo kwenye flashi. Kisha laptopu huwashwa huku kitufe cha F12, F9 au Esc kikibonyezwa, kutegemea kampuni, ili ianzie kwenye flashi badala ya diski.

Mint, Ubuntu na toleo la Debian liitwalo live huwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Saa nzima itumike hapo: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kompyuta ikifunikwa kisha ikafunguliwa, inaamka? Tatizo la kawaida ni Wi-Fi, hasa kwenye chipu za Broadcom, ambazo huhitaji programu ya ziada isiyo huria. Njia ya kuipata ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Simu ya Android huunganishwa kwa waya wa USB, ikawekwa kushiriki intaneti, na Linux huitambua mara moja kama mtandao.

Kusakinisha kwenyewe huchukua chini ya saa moja, na sehemu kubwa ni kusubiri. Hatua moja ndiyo ya hatari, ile inayouliza kama diski nzima ifutwe. Jibu la ndiyo huondoa Windows, picha za harusi na kazi za shule kwa pamoja. Mwenye diski kubwa anaweza kuziweka Windows na Linux bega kwa bega na kuchagua kila anapowasha. Kabla ya hapo azime kipengele cha Windows cha kuwaka haraka na aangalie kama diski imefungwa kwa BitLocker.

Hatua mbili nyingine hupitwa haraka na kuleta usumbufu wa miezi. Ya kwanza ni kibodi. Mashine za mitumba huja na kibodi za kila nchi, na kibodi ya Ubelgiji hufanana na ya Ufaransa mpaka mtu anapotafuta alama ya @. Kwenye ya Kifaransa iko kwenye kitufe cha sifuri pamoja na AltGr. Kwenye ya Kibelgiji iko kwenye kitufe cha mbili. Neno la siri lililoandikwa kwa kibodi isiyo sahihi litakubaliwa leo, na litakataliwa siku kibodi itakaporekebishwa. Kisakinishi kina kisanduku cha kujaribia. Alama za @, ! na mkwaju ziandikwe humo kabla ya kuendelea. Ya pili ni saa. Anayechagua Kongo kwenye ramani mara nyingi hupewa Kinshasa, na saa ya laptopu hurudi nyuma kwa saa moja. Kivu Kaskazini inafuata saa ya Lubumbashi. Kwenye mashine kuukuu kuna na betri ndogo bapa ya ndani inayotunza saa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita, kivinjari kikakataa tovuti salama na masasisho yakagoma kwa madai kwamba bado hayajaanza kuwa halali. Watu huilaumu Linux kwa kosa la betri ndogo.

Baada ya hapo ni maisha ya kila siku, na masasisho ndiyo yanayohitaji mpango. Nyumba zenye toleo moja la mfumo zinaweza kugawana mzigo. Amri ya apt-get huhifadhi mafaili iliyoyapakua katika folda ya /var/cache/apt/archives. Mmoja anapakua mahali penye mtandao mzuri, ananakili mafaili hayo kwenye flashi, na mwenzake anayaweka kwenye folda hiyo hiyo ya kwake. Mashine ya pili itapakua tu orodha mpya ya vifurushi na kile kilichokosekana. Kwa apt bila -get hila hii haifanyi kazi, kwa sababu yenyewe hufuta mafaili baada ya kusakinisha.

Flashi zina habari nyingine. Mwanafunzi anayetoka kuprinti kwenye kibanda cha sekretaria hurudi na flashi ambayo folda zake zote, zikifunguliwa kwa Windows, zimegeuka njia za mkato. Hiyo ni kazi ya kirusi kilichokuwa kwenye kompyuta ya kibanda. Linux haiendeshi mafaili ya virusi hivyo. Flashi ikichomekwa humo, yaliyofichwa huonekana: mara nyingi kuna folda isiyo na jina, tupu kwa kuitazama, na ndani yake ndimo kazi zote zimehamishiwa. Zinatolewa, mafaili yanayoishia kwa .lnk na .vbs yanafutwa, na flashi inarudi kuwa safi mpaka safari ijayo ya sekretaria. Wengine wameanza kuithamini Linux kwa sababu hii tu, na si sababu ndogo.

Kwa maandishi kuna LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Ugumu huja kwenye mpangilio. TFC, yaani kazi ya kuhitimu chuo, ya kurasa arobaini iliyoandikwa kwa LibreOffice na kufunguliwa kwa Word kwenye kibanda huweza kutoka na kurasa arobaini na mbili, vichwa vya habari vikiwa vimeshuka chini. Sababu kubwa ni fonti, maana Times New Roman na Calibri ni mali za wenyewe na haziji na Linux. Liberation Serif ina vipimo sawa na Times New Roman, na Carlito ina vipimo sawa na Calibri, kwa hiyo mistari haisogei sana. Kinachopelekwa kuprintiwa kiwe PDF, ambayo haibadiliki popote. Faili la docx abaki nalo mwalimu anayetaka kuweka masahihisho yake. Mwenye printa yake nyumbani atafute HP, ambazo nyingi hutambuliwa na Linux bila kazi. Za leza za Canon mara nyingi hudai programu ya kupakuliwa kutoka kwa kampuni.

Lugha ya menyu kwa wengi wa Goma itakuwa Kifaransa, kwa kuwa tafsiri yake imekamilika. Kiswahili kilipata mwanzo mzuri: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Tangu hapo tafsiri za mifumo yenyewe zimebaki vipande vipande, menyu moja kwa Kiswahili na inayofuata kwa Kiingereza, jambo linalochosha kuliko kusoma lugha moja ngeni moja kwa moja. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili kwenye LibreOffice ipo na inafaa kusakinishwa. Inajua Kiswahili sanifu tu; anayeandika batoto kwa mazoea ya Goma atachorewa mstari mwekundu.

Kompyuta isiyo na intaneti bado ni maktaba. Kiwix, programu huria, hufungua Wikipedia iliyohifadhiwa kwenye diski. Wikipedia nzima ya Kifaransa pamoja na picha inahitaji makumi ya GB, lakini kuna matoleo madogo, kuna Vikidia ya watoto, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni nyepesi. Kolibri hukusanya masomo na mazoezi ya shule, na menyu zake zipo kwa Kiswahili. Vyote husafiri kwa flashi kama distro yenyewe.

Umeme wa Virunga Energies unaotoka kituo cha Matebe, Rutshuru, hauingii kila nyumba, na vita vimewahi kuukata. Laptopu, hata yenye betri iliyochoka, inashinda kompyuta ya mezani kwa sababu hiyo. Programu ya TLP hupunguza ulaji wa betri bila kumsumbua mtu. Umeme ukikatika ghafla, diski yenye mpangilio wa ext4, ambao Mint na Debian huuchagua zenyewe, kwa kawaida huamka salama. Kisichookoka ni maneno ambayo hayajahifadhiwa. LibreOffice hutunza nakala ya dharura kila dakika 10. Kwenye mipangilio yake dakika hizo zipunguzwe ziwe mbili.

Kuna wasiopaswa kuhama kabisa, au wahame kwa kubaki na Windows pembeni: mwanafunzi wa uhasibu anayetakiwa kutumia Sage, mpiga picha anayeishi kwa Photoshop, mwenye programu ya kazi iliyoandikwa kwa Windows pekee. Programu ya Wine huendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini kuitegemea kwa kazi ya mshahara ni kucheza bahati nasibu.

Swali jingine la kisakinishi, kama diski ifungwe kwa neno la siri, lina uzito wake Kanyaruchinya. Watu wa huko walihama mbele ya lava ya Mei 2021, na mahali hapo pamepokea kambi za waliokimbia vita mwaka 2012 na tena kuanzia 2022. Laptopu hubebwa mbiombio, huachwa, huibiwa. Diski iliyofungwa haisomeki na mwizi. Lakini neno hilo likisahaulika, halirudishwi na fundi yeyote. Anayekubali kufunga diski aliandike neno hilo kwenye karatasi isiyokaa na kompyuta. Vyeti, picha na kazi za shule zinakiliwe kila wiki kwa programu ya Déjà Dup, au kwa mkono tu, kwenye flashi ya pili inayokaa nje ya mkoba wa laptopu.